Pikipiki ya kukodi Pemba: siku nne, mimi mbele, mume nyuma

Naanza na bei kwa sababu ndiyo wengi mnayoitafuta. Sh 25,000 kwa siku, mafuta juu yako, na amana ya Sh 50,000 unayorudishiwa ukirudisha chombo kikiwa kizima. Tulichukua siku 4, Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Pikipiki ya gia, cc 125, nyekundu iliyoanza kupauka, namba za Z. Jina la kijana mwenyewe na kibanda chake siandiki. Nina malalamiko kadhaa humu, na sitaki mtu ahukumiwe kwa breki ambayo huenda wiki ya pili yake ilishatengenezwa. Ukiuliza sokoni Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa, utaoneshwa wakodishaji zaidi ya mmoja, na nadhani mengi nitakayosema yanawagusa wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi milimani Amani, wilaya ya Muheza. Kule bila pikipiki hufiki darasani kabla ya kengele, kwa hiyo mwaka wa tisa huu naendesha, mvua na jua. Mume wangu ni fundi cherehani. Hata baiskeli hajaielewa vizuri na wala haimsumbui. Nayasema mapema kwa sababu karibu kila tulichokutana nacho Pemba kilianza na watu kumtazama yeye, kisha kunitazama mimi, kisha kumtazama yeye tena.

Ukisimama ufukweni Tanga ukaelekeza uso mashariki, Pemba iko mbele yako, ng'ambo ya mkondo wa kilomita 50 hivi. Sisi tulishuka mpaka Dar, tukavuka kwenda Unguja, tukalala, asubuhi ndipo tukapanda boti ya Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba. Mume wangu akasema tumekwenda kwa jirani kwa kupitia nyumbani kwa mjumbe. Mama yangu naye, tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea huko huko Pemba, hawezi kusikia habari za boti bila kushika tasbihi. Alinipigia simu mara nne kabla hatujang'oa nanga, na ya tano ilikuwa kuuliza kama nimekaa karibu na mlango.

Toka Mkoani hadi Chake tulipanda daladala. Kibandani kijana alimpa mume wangu mkono, akamvutia kiti, akasema, "Shemeji, chombo kiko vizuri, juzi tu kimetoka kwa fundi." Ushemeji ulitokana na kwamba kwenye simu nilishakuwa dada yake tangu nipo Tanga. Akaomba leseni. Mume wangu akatoa kitambulisho cha NIDA.

"Leseni, shemeji."

"Leseni anayo huyu."

Nikatoa yangu. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanitazama mimi, akairudia. "Kunradhi, dada. Kumbe mwendeshaji ni wewe?" Kisha, kwa adabu kabisa, akaniomba niende mpaka kwenye mwembe ule pale nirudi. Nikaenda, nikarudi. Sikuona vibaya, chombo ni chake. Ila nilijiuliza kama mwanamume naye hupelekwa mwembeni.

Kosa langu ni hili: ile raha ya kufaulu mtihani ilinisahaulisha kukagua. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, nikaujua njiani. Helmeti ya dereva ilikuwa nzuri, ya abiria haikuwa na kamba. Na breki ya mbele ilikuwa ya kuombea. Unaibana mpaka mwisho wa kiganja ndipo inakumbuka kazi yake.

Kwa sehemu kubwa ya Unguja breki kama hiyo ungeishi nayo. Pemba hapana. Nilikuwa nasikia kwamba Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, nikadhani ni maneno ya kuuzia wageni, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni vilima mwanzo mwisho. Unapanda baina ya mikarafuu na minazi, unafika juu unaona kipande cha bahari, unashuka, bondeni kuna mpunga na watu wameinama, unapanda tena. Hupati kilomita mbili bila kubadili gia. Kwa mtu wa Amani ni kama nyumbani, nilifurahi kupita kiasi, lakini kila mteremko niliushuka kwa gia ya pili na mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma. Nilimpigia kijana jioni ile ile. Asubuhi ya siku ya pili akaja mwenyewe nyumba ya wageni na spana, akakaza waya wa breki, akaondoka bila kudai kitu. Ikawa afadhali. Nzuri haikuwa.

Mchana ule wa kwanza tulikwenda Pujini, kusini mashariki ya Chake. Barabara inaacha lami, unapita vijijini, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele, na unafika kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Jina lenyewe linatosha kukutisha: mwenye kuwakama wanaume. Mzee aliyetutembeza alitusimulia yanayosimuliwa siku zote, kwamba jamaa huyo aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio. Kisha akatupeleka kwenye kisima. Kati yake kuna ukuta. Inasemwa Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotazamana, akajenga ukuta ndani ya kisima ili mmoja achote kwa kamba na ndoo upande wake, mwingine ateremke ngazi upande wa pili, wasikutane. Mume wangu alisimama pale kitambo, akasema mtu mwenye akili angeoa mmoja akaokoa mawe. Yule mzee alicheka mpaka akashika mti.

Mimi nimezaliwa Tongoni, pwani ya Tanga penye magofu ya kale, nimecheza utotoni baina ya makaburi ya nguzo, kwa hiyo kuta za chokaa na matumbawe si kitu kigeni kwangu. Hata hivyo Pujini ilinikaa zaidi. Tongoni unaona msikiti na makaburi, unafikiri watu wa ibada na biashara. Pujini unaona mtu aliyeogopa, akajizungushia boma. Majani yamefunika sehemu kubwa, vaeni viatu vya kufunika.

Siku ya pili njia ya Wete, mji wa kaskazini ya Chake, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Mwenye basi dogo au teksi atakupitisha Wete kwa saa moja, utaona mikarafuu dirishani, utasema nzuri. Kwenye pikipiki unaisikia kabla hujaiona. Harufu inakuja kwa vipande: hapa imejaa, hatua mia mbele hakuna, kona ijayo imerudi. Msimu ulikuwa haujaisha na mbele ya kila nyumba kulikuwa na jamvi la karafuu. Zile za siku ya kwanza bado kijani na wekundu kwa mbali, za siku ya tatu na ya nne zimekuwa kahawia, ukizikanyaga zinalia.

Wingu lilitoka nyuma yetu, mimi sikuliona. Nilichoona ni watu wote wa kijiji kuanza kukimbia kwa pamoja, kama wamepigiwa filimbi. Mbele ya nyumba moja alikuwapo bibi peke yake na majamvi matatu, anavuta ncha ya moja huku akiita majina ya wajukuu ambao hawakuwapo. Nikaegesha. Mume wangu akawa ameshashuka kabla sijaweka stendi. Kazi yenyewe ukiifahamu ni rahisi: unashika pembe mbili, mwenzio mbili, karafuu zinamiminika katikati, unakunja, unakimbia nazo ndani kama mmebeba mgonjwa. Jamvi la tatu tuliliingiza na matone ya kwanza yakiwa mgongoni.

"Karibuni ndani, wanangu, msirowe," akasema, nasi tulikuwa tumesharowa. Tukakaa barazani kwa saa nzima. Akatuletea chai ya mchaichai na muhogo wa nazi, akaweka mbele yetu ungo wa karafuu mbichi zilizochumwa asubuhi na kutufundisha kuzichambua. Unashika kikonyo kwenye kiganja, unakisokota kwa kiganja kingine, vichwa vinamwagika huku makonyo yakibaki. Kwake ungo mmoja ni mazungumzo ya nusu kikombe cha chai. Mimi nilivunja vichwa, akaniambia nivitenge. Mume wangu, vidole vya ushonaji, alishika mara moja. Makonyo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi, karibu na Chake. Karafuu zenyewe wanauzia Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, na ukizipitisha njia nyingine kwenda ng'ambo hayo ni magendo, utakamatwa. Hapo akashusha sauti, ingawa barazani tulikuwa watatu tu.

Ndiye aliyetuambia, kwa namna yake, kwamba mikarafuu ya zamani ilikuwa ya Unguja, mpaka Mungu alipoleta upepo. Ni kweli, kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba karafuu za Zanzibar. Nimelifundisha jambo hilo darasani miaka tisa kwa kusoma kitabuni. Siku ile nililisikia na jamvi likinitiririka maji miguuni.

Mvua ilipokata, akamgeukia mume wangu. "Na wewe baba, mbona umemwachia mwenzio akuendeshe? Unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Sijui."

Akafikiri kidogo. "Basi kaa vizuri usimwangushe."

Wete ilikuwa shwari. Tulinunua halua, wanakufungia kwenye kikapu kidogo cha ukili, tukaila nusu kabla ya kutoka mjini. Tuliporudi tukakata kwenda Kidike kuwaona popo wa Pemba, ambao hawapo popote pengine duniani. Wananing'inia mitini mchana wakigombana kama abiria wa stendi, na mmoja akitanua mbawa unapata mita moja na nusu na ushee. Ada ni ndogo na inakwenda kwa kijiji. Mume wangu hakuwapenda. Mimi ningerudi kesho.

Sasa malalamiko makubwa. Siku ya tatu tulikwenda kaskazini, Konde kisha msitu wa Ngezi. Ndani ya msitu joto linashuka ghafla, unalisikia kwenye mikono. Nilizima mashine katikati ya mivule tukakaa tu, kukawa kimya isipokuwa tumbili waliotutupia maganda. Tukaendelea hadi ncha ya Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Mlinzi akaturuhusu kupanda. Ngazi ni nyembamba na mimi, mtu wa milima, nilishika chuma kwa mikono miwili. Ukifika juu, magharibi unaona ufuo wa Verani, mashariki Vumawimbi, na katikati mashamba na minazi ya watu. Vumawimbi ndiyo tuliyokwenda kuogelea. Mchanga mweupe, hatukuona hoteli wala kusikia muziki, wavuvi wawili na mtumbwi. Nilijua ni Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani hapo Pemba, kabla hawajasema, maana kila mwaka wanakuja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pwani ya kwetu, na lafudhi yao naijua tangu nikiwa mtoto. Mmoja wao amewahi kulala Tongoni. Akaniuliza kama bado kuna ule mkuyu, nikamwambia upo. Akatuuzia changu wawili kwa bei ya mtu wa nyumbani.

Tulipotoka, kwenye kijia cha mchanga, tairi la nyuma likalala. Kijana alishaniambia: "Dada, vifaa vyote viko chini ya siti." Nikafungua siti. Chini yake kulikuwa na kitambaa. Kitambaa kimoja, cha kufutia. Hakuna spana, hakuna pampu, hakuna kiraka. Simu haikushika mtandao mpaka tulipokuwa tumesukuma nusu saa, mume wangu akisukuma nyuma na samaki wakining'inia kwenye usukani.

Alichoniambia kijana kwenye simu ni "pole sana" mara tatu, na kwamba mafundi wapo Konde. Konde ilikuwa mbali. Aliyetuokoa ni fundi baiskeli wa kijijini Makangale, kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliyetoa mpira, akaupuliza, akauzamisha kwenye karai la maji mpaka vipovu vikaonesha tundu. Mwiba. Akausugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza kwa mdomo ikauke, akabandika kipande cha mpira wa zamani, akakipiga kwa ubapa wa spana. Sh 2,000. Tairi lile lilidumu mpaka mwisho wa safari. Kijana wa Chake alinirushia zile elfu mbili kwa simu usiku ule kabla sijamdai, na hilo nalihesabu upande wake. Lakini mtu akikwama kule saa kumi na mbili jioni, pole tatu hazimfikishi nyumbani. Kabla hujalipa, fungua siti mwenyewe. Usiambiwe.

Kuhusu ule mshale uliokufa, ujanja ni ule wa siku zote: simama, tikisa tangi, sikiliza. Mafuta mengi yana sauti nzito, machache yanapiga piga kama chupa. Jaza kwenye sheli ukiwa Chake, Wete au Konde. Vijijini utauziwa ya chupa, na yangu moja ilikuwa na rangi sikuielewa.

Barabara kuu ni nzuri kwa sehemu kubwa, za ndani ni kifusi na mchanga. Hatari niliyoiona mimi si mashimo bali magari ya ng'ombe jioni, hayana taa na yanatoka njia za pembeni bila haraka. Polisi walinisimamisha mara mbili, wakasalimia, wakatazama leseni, mmoja akaniuliza kama mume wangu ni mgonjwa.

Kisiwa cha Misali hatukwenda, inataka boti na fungu jingine la fedha. Mchezo wa ng'ombe nao, ule wa watu kumchokoza fahali uwanjani, tuliukosa kwa siku moja na bado naumia.

Usiku tulikula sokoni Chake. Pweza wa kuchemsha na pilipili, mkate wa mofa wa moto, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kwa watu wawili hatukuwahi kuvuka Sh 10,000.

Siku ya nne kijana wa Chake alikubali tumwachie chombo Mkoani bandarini bila nyongeza, na hili wenzake wawili niliowauliza walitaka elfu kumi. Alikuja na daladala kukichukua, akafika kabla yetu. Akazunguka pikipiki, akatazama tairi, akatazama kiraka, akanihesabia elfu hamsini yangu bila kusitasita. Kisha akachukua helmeti ya abiria. Sikuwa nimewaambia: usiku wa kwanza mume wangu aliona aibu kuifunga kwa kanga yangu mbele ya watu, akatoa sindano na uzi anaotembea nao mfukoni, akakata mkanda wa begi letu la zamani, akashona kamba mpya kwa mkono, mishono midogo ya kurudia, na kifungo cha koti badala ya bizimu. Kijana aliivuta, ikagoma kukatika. Akaivuta tena.

"Hii nani kashona?"

"Abiria," nikamwambia.

Akamuuliza shemeji yake angetoza kiasi gani kwa zile nyingine sita kibandani. Mume wangu akasema elfu tano kwa moja, mkanda juu yake mwenye mali. Wakaanza kubishana bei, na boti ilishapiga honi ya pili.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano iko chini ya siti, pamoja na kile kitambaa.